Uso wa Kadi Namba 318

Kadi namba 318 ya mwaka 1974 ina jina la Orville Tisdale, takwimu za Orville Tisdale, na uso wa Walt Benedek. Kwa miaka hamsini kosa hilo lilimkaa Orville kooni kama mwiba wa samaki. Walt lilimkaa mdomoni kama pipi. Janine, binti wa pekee wa Walt, alilijua tangu utotoni, na hakuwahi kufikiri kwamba siku moja angelipwa ili alifute.

Kazi yenyewe ilikuja mwezi wa Mei. Klabu ya besiboli ya Korongo wa Sandusky ilikuwa ikiadhimisha nusu karne tangu itwae kombe lake la pekee, na mkurugenzi wake, Roberta Finch, alitaka kadi tano za zamani za Orville zisanifiwe upya: picha zilezile, rangi mpya, maandishi mapya, karatasi nzito. Watazamaji elfu mbili wa kwanza wangegawiwa seti nzima langoni, Jumamosi ya pili ya Juni. Orville mwenyewe angeketi mezani na kuzitia saini.

Hakukuwa na mtu mwingine wa kuchaguliwa. Katika miaka yake tisa Orville alikuwa mrushaji wa akiba, yule anayeingizwa mchezo ukielekea ukingoni, timu yake ikiwa mbele kwa uzi mwembamba. Alipoingia, mara nyingi hakuna mpigaji aliyepita. Watu wakamwita Komeo. Mpaka leo kuna seremala mjini Sandusky ambaye akimaliza kufunga mlango humwambia mteja kwamba ameutia Orville.

Walt alikuwa mdakaji wa kizimbani. Kizimba kiko nyuma ya ukuta wa kushoto wa uwanja. Humo warushaji wa akiba hungoja simu ya kocha, na ikilia, mmoja wao husimama na kuupasha mkono moto. Lazima awepo mtu wa kumdakia. Walt alivaa sare, akasafiri na timu, akapigwa na mipira magotini kwa miaka hiyohiyo tisa, na hakukanyaga uwanja mchezo ukiendelea hata kwa dakika moja. Wadakaji wa kizimbani hawachapishiwi kadi. Kadi yake ilikuwa hiyo moja, yenye jina la mwenzake.

Masimulizi yaliyokubalika yalikuwa haya. Asubuhi moja ya baridi mwezi wa Machi, kambini Florida, mpiga picha wa kampuni ya kadi alimkuta mtu mrefu mwenye masharubu, amevaa jaketi namba 41. Akatazama orodha yake, akaandika Tisdale, akapiga picha, akaenda zake. Ilikuwaje Walt akavaa jaketi la Orville? Orville alikuwa na jibu, na alilitoa alipoulizwa na hata asipoulizwa: Walt aliliiba ili apate kadi. Walt alicheka kidogo, kisha akauliza kama kuna mtu anataka kahawa.

Madhara yake hayakuwa madogo. Nje ya mji wao, Orville alikuwa shujaa asiyetambulika. Huko Lima, mji mwingine wa jimbo hilohilo, mwenye duka la kadi alimtazama, akaitazama namba 318, akamweleza kwa upole kwamba kujifanya mtu maarufu ni ugonjwa na siku hizi kuna wataalamu. Orville alitoa leseni ya udereva. Yule bwana aliisoma na kumpongeza kwa bahati ya kuitwa jina moja na Komeo. Walt, kwa upande wake, aliingia katika mikahawa ya mbali na akatoka ameshiba. Hakusema uongo hata siku moja. Watu walimwekea sahani ya sangara wa kukaanga, wakamwambia ale, naye alikula.

Janine alikuwa msanifu wa lebo. Gereji ya nyumba yake ilikuwa ofisi, na kutoka humo zilitoka lebo za achari, za jemu na za mvinyo wa pwani yote ya ziwa. Alikuwa mtu wa utaratibu. Aliwahi kurudisha kiwandani lebo mia nane kwa sababu jani lililochorwa lilikuwa la mzabibu wa aina nyingine. Mteja hakuwa ameona tofauti. Janine aliiona, na hiyo ilimtosha.

Orville alikuja kukagua kazi Jumatatu asubuhi, akiwa amebeba kiti chake cha kukunja. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tisa, na hakuamini viti vya watu. Mkataba ulimpa haki ya kukubali au kukataa kila kadi, na alikusudia kuitumia.

Kadi ya 1972 ilimfurahisha. Picha yake ya asili ilipigwa alipokuwa bado katika timu nyingine, hivyo kampuni ilimpaka kofia ya Korongo kwa brashi, na brashi ikala sikio la kushoto. Janine alikuwa amelirudisha.

"Karibu nyumbani, bwana," Orville aliliambia sikio.

Ya 1973 aliipitisha. Ya 1975 na ya 1977 alizipitisha pia, ingawa alitaka kujua kama masharubu yanaweza kuongezwa kidogo upande wa kulia. Kisha akaifikia namba 318. Aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota soksi ya mgeni.

"Huyu nani?"

"Unamjua, Mjomba," Janine alisema; alimwita hivyo tangu utotoni, ingawa hawakuwa na undugu.

"Namjua. Nauliza anatafuta nini kwenye kadi yangu."

Janine alimkumbusha kwamba maagizo yalikuwa picha zilezile. Orville alisema amehesabu kadi tano, na katika kadi tano amepata nyuso nne na Walt. Janine alisema watu wameizoea.

"Hata mimi nimezoea mgongo kuniuma," Orville alisema. "Daktari akisema anauponya, nimwambie auache kwa vile tumezoeana?"

Alikunja kiti chake. Alipofika mlangoni alitoa sharti lake bila kupandisha sauti: uso wake kwenye kadi, au Jumamosi ile hatakanyaga uwanjani, atakwenda kuvua samaki.

"Na unajua," aliongeza, "sijawahi kuvua samaki maishani mwangu. Nitaanza siku hiyohiyo."

Janine alimpigia simu Roberta Finch. Roberta alikuwa mwanamke mwenye shughuli nyingi na maneno machache. Alisema kadi ni ya Tisdale, meza ni ya Tisdale, siku ni ya Tisdale, kwa hiyo uso nao uwe wa Tisdale. Katika hoja hiyo Janine alitafuta ufa, lakini hakuuona.

Sasa ilibaki kumwambia baba yake.

Kila Ijumaa Walt alikula samaki katika ukumbi wa kanisa la Wahungaria, meza ya tatu kutoka jikoni. Alikuwa na miaka themanini na moja. Kadi yake ilikaa ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, na mfuko ulikaa katika mfuko wa kushoto wa shati. Walt alibadilisha mashati lakini si kadi. Muuguzi aliyempima moyo mwaka uliopita alilazimika kuisogeza, na Walt aliifuata kwa macho mpaka aliporudishiwa.

Janine alingoja apunguze sahani hadi nusu.

"Baba, wanataka niondoe picha yako."

Walt alimaliza kutafuna. "Jina pale ni la nani?"

"La Mjomba Orville."

"Basi."

"Sipendi kuifanya."

"Mwanangu, wewe ni mtu wa kusahihisha makosa. Nilikulipia chuo ujifunze hiyo kazi. Sahihisha."

Alisema hivyo kwa utulivu, akavuta bakuli la kachumbari ya kabichi na kuila yote. Janine aliweka uma chini. Baba yake aliichukia kabichi hiyo. Kwa miaka thelathini alikuwa akiisukuma kwa mtu yeyote aliyeketi kando yake, na kama hakuna mtu, aliifunika kwa kipande cha mkate. Mtu aliyekula bakuli zima la kabichi bila kujua anakula nini hakuwa mtulivu. Walipotoka, mkono wake wa kulia ulikuwa umekwenda mfukoni mara nne.

Kwa hiyo Janine alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika kazi yake: alijaribu kudanganya. Aliichora upya picha ya 318 kwa rangi za maji, kwa mtindo wa mabango ya zamani, akaufunika uso kwa kivuli cha kofia ili awe mtu yeyote. Orville aliitazama kwa sekunde tatu.

"Hayo ni masikio ya Walt. Nimeyaona miaka tisa yakichungulia nje ya barakoa."

Janine alipeleka nyingine, ya mtu aliyeonekana kwa nyuma, ameinama, namba 41 imejaa mgongoni. Orville hakuhitaji hata miwani.

"Huo mgongo umezoea kuchuchumaa. Binti, mimi sikuchuchumaa hata siku moja. Nililipwa kusimama."

Hila ziliishia hapo. Ilibidi ipatikane picha halisi ya Orville ya majira yale, na ghala la klabu halikuwa nayo. Maji ya bomba lililopasuka yalikuwa yameondoka na miaka ya sabini karibu yote. Kampuni ya kadi ilikuwa imekufa zamani. Mpiga picha pia alikuwa amekufa, lakini mjane wake aliishi Fremont, mwendo wa nusu saa, na katika chumba chake cha kufulia nguo kulikuwa na masanduku kumi na moja ambayo alikuwa akimsihi mtu yeyote ayachukue.

Janine alilipata jambo lake katika sanduku la sita. Ilikuwa karatasi moja yenye picha ndogondogo zilizopangwa kwa mfululizo wa kupigwa kwake, kila moja na namba yake. Picha ya kumi na mbili ilikuwa baba yake, kijana, amesimama kizimbani na jaketi namba 41, anamtazama mpiga picha kama mtu aliyeulizwa njia. Ndiyo iliyokuwa kadi. Picha ya kumi na tatu ilipigwa dakika hiyohiyo, hatua chache pembeni. Juu ya benchi alilala mtu chali, mdomo wazi, buti zikining'inia. Alikuwa amejifunika jaketi kubwa mpaka kidevuni, kama blanketi. Namba mgongoni mwa jaketi ilisomeka vizuri: 63.

Janine alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kidevu kilikuwa cha Orville. Masharubu, yenye upungufu kidogo upande wa kulia, yalikuwa ya Orville. Lakini namba 63 ilikuwa ya Walt Benedek. Nyuma ya karatasi mpiga picha alikuwa ameandika kwa penseli: *12, Tisdale. 13, mdakaji, amelala, haifai.*

Orville alipokuja Jumatano, Janine alimwekea mezani picha zote mbili, amezikuza kadiri ya karatasi ya barua. Orville alifungua kiti chake, akaketi, akainama mbele.

"Hiki ni kidevu changu," alisema.

"Ndiyo."

"Jaketi si langu."

"Si lako, Mjomba."

Nyuma yao mashine ya kuchapia ilizima yenyewe. Kisha Orville alianza kukumbuka, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Baridi ilikuwa kali. Alikuwa amefika mapema, na usiku wake ulikuwa mrefu. Kwenye ndoano palikuwa na jaketi mbili. Lake lilikuwa fupi, lilimwishia kiunoni. La Walt lilikuwa pana na lilifika magotini. Alitaka kulala kidogo tu. Alichukua lile refu.

"Akaja Walt," alisema, "akakuta limebaki moja."

"La kwako."

Orville alijishika shavu. "Miaka hamsini nimemwita mwizi wa jaketi mbele za watu. Nilimwita hivyo kwenye harusi yako."

"Mara mbili."

"Harusi ilikuwa moja."

"Ulisimama mara mbili."

Orville hakubisha. Alizichukua picha, akasahau kiti chake, na Janine ilibidi akibebe alipomfuata garini.

Walimkuta Walt anaosha gari lake, jambo alilolifanya kila Jumatano hata mvua ikinyesha. Orville hakusalimia. Alimwonyesha picha ya kumi na tatu na kumuuliza alijua tangu lini.

Walt alifunga maji. "Tangu asubuhi ile. Nilikuona."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umelala."

"Walt, niliamka. Saa nne niliamka, bwana wee. Nimekuwa macho tangu siku ile."

"Ya kizimbani yanabaki kizimbani," Walt alisema. "Sheria ni yako. Uliitunga siku ulipoiangusha simu ya kocha ndani ya pipa la haradali."

Janine hakuwahi kusikia habari za pipa la haradali, wala hakusimuliwa siku hiyo, kwa sababu sheria ilikuwa bado inafanya kazi. Aliona jambo moja tu: baba yake alikuwa amebeba jina la mwizi kwa miaka hamsini, na angelibeba mpaka kaburini, kwa kuwa mwenzake aliwahi kusema hivyo kizimbani. Orville alionekana kuliona pia. Alitafuta mahali pa kuketi. Janine alimfungulia kiti.

"318 ibaki kama ilivyo," Orville alisema.

Walt alitikisa kichwa. Alisema mkurugenzi ameshaamua, jina ni la Orville, na mtu wa miaka sabini na tisa ana haki ya kutambuliwa dukani kabla hajafa. Lakini aliposema hivyo mkono wake ulikwenda mfukoni, na safari hii Orville aliuona.

"Huo mkono uteremshe," alisema. "Nimesema ibaki. Na siji Jumamosi isipobaki. Tena nataka ya sita."

"Ya sita ya nani?" Janine aliuliza.

"Ya baba yako. Walt Benedek, namba 63, mdakaji. Na picha yake iwe hii hapa." Aligonga picha ya kumi na tatu, pale pale kwenye mdomo uliokuwa wazi.

Janine alimweleza, kwa subira aliyoitumia kwa wateja wagumu, kwamba mtu wa kwenye picha hiyo ni Orville. Orville alisema analifahamu hilo, ndiye aliyelala. Janine alisema kazi aliyopewa ni kuondoa kosa moja, na sasa yatakuwa mawili.

"Moja ni kosa," Orville alisema. "Mawili ni seti."

Janine alimgeukia baba yake apate msaada. Walt alikuwa ameinama juu ya ndoo, mabega yakimtikisika. Alikuwa anacheka, cheko ambalo Janine hakulisikia tangu mama yake alipokuwa hai. Basi akajua kwamba ameshindwa, na kwamba hasikitiki.

Kikwazo kilikuwa nyuma ya kadi. Nyuma ya kadi lazima pawe na takwimu, na kitabu cha ligi kilikuwa wazi kuhusu Walt Benedek: michezo sifuri, vipindi sifuri, mipira sifuri. Janine alichapa nakala ya majaribio na kuipeleka Alhamisi. Walt aliisoma mstari kwa mstari, akasema sifuri ni namba ya kweli na haina aibu. Orville, aliyekuwa amekuja kula chakula cha mchana bila kualikwa, aliinyakua.

"Sifuri kaandika nani?"

"Kitabu cha ligi," Janine alisema.

"Hicho kitabu kilikuwa kizimbani? Mimi sikukiona. Walt, sema mwenyewe umedaka mipira mingapi yangu."

Walt alisema hajui. Orville alisema anajua. Ikabainika kwamba anajua vizuri sana. Kabla ya kila mchezo Walt aliweka kokoto ishirini na mbili katika mfuko wa kushoto wa suruali, na kwa kila mpira aliodaka alihamisha moja kwenda kulia. Orville alirusha mipira ishirini na mbili ili awe tayari. Akirusha ishirini na mmoja alikuwa baridi. Akizidisha, alichoka. Kokoto zilipohamia zote kulia, Walt alisimama, na Komeo alikwenda kufunga mlango. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na hesabu hiyo, hata kocha.

Wakaanza kuhesabu ni mara ngapi simu ililia. Walibishana kwa saa mbili na sufuria moja ya supu. Orville alizikumbuka mara alizoingia uwanjani, Walt alizikumbuka pia zile ambazo simu ililia tena na kumwambia aketi. Walifika mia sita na kumi na moja. Janine alizidisha: elfu kumi na tatu, mia nne arobaini na mbili.

"Na tatu," Walt alisema.

"Mbili. Ishirini na mbili kila mara, Baba."

"Kule Dayton alirusha wa ishirini na tatu. Alikuwa ameudhiwa na mpigaji."

"Huo hukuudaka," Orville alisema. "Ulikupita ukamvunjia mzee mmoja chupa ya soda."

"Ulinigusa glavu kwanza."

"Ulikugusa kwa ukucha."

"Orville, ni kadi ya nani?"

Orville alifikiri, akakubali. Janine aliandika: *Mipira iliyodakwa kizimbani: 13,443.* Hakukuwa na safu ya jambo kama hilo katika kadi yoyote aliyowahi kuiona. Aliichora yeye mwenyewe, akaipa upana kuliko nyingine zote.

Roberta Finch alipoelezwa kwamba kosa la zamani linabaki na jipya linaongezwa, alikuwa na swali moja. Aliuliza kama Tisdale anakuja Jumamosi. Janine alisema anakuja, na amesema atavaa tai.

"Basi sikusikia kitu," Roberta alisema, na kukata simu.

Jumamosi ilikuwa na jua. Meza mbili ziliwekwa chini ya jukwaa, moja ya Orville na moja ya Walt, na Walt alikuwa na shati jipya lenye mifuko miwili. Wa kushoto ulibeba 318. Wa kulia ulikuwa mtupu mpaka Janine alipompa nakala ya kwanza ya kadi ya sita. Walt hakutazama picha. Aliigeuza nyuma, akaisoma namba, akapitisha kidole gumba juu yake kama anayejaribu wembe. Akaiweka mfukoni, akaketi, akauliza kama kuna mtu anataka kahawa.

Foleni ilifunguliwa, na utaratibu wa Janine ulivunjika ndani ya dakika kumi. Watu walimpelekea Walt 318, kwa kuwa uso ulikuwa wake. Walt aliwarudisha kwa Orville, kwa kuwa jina lilikuwa lake. Mwishowe wazee wenyewe walipitisha sheria: Walt atie saini usoni, Orville atie saini kwenye jina, na kila kadi ipite meza zote mbili. Foleni mbili zikawa moja, ikajipinda mpaka kwenye banda la soseji. Janine alihangaika kuinyoosha, kisha akaiacha.

Karibu na adhuhuri alifika mwanamke mmoja mwenye kofia ya majani. Alisema ametoka Lima kwa gari na mumewe anauza kadi huko. Alikuwa ameshika kadi ya sita. Aliitazama picha ya mtu aliyelala, akamtazama Orville, akaitazama tena picha, hasa masharubu. Uso wake ulichangamka. Janine, aliyesimama hatua mbili nyuma, alifungua mdomo ili asahihishe.

"Nimekutambua mara moja," mwanamke alimwambia Orville. "Wewe ndiye Walt Benedek."

Orville alinyoosha tai yake. Kwa miaka hamsini hakuna mtu wa Lima aliyewahi kumtambua kwa kutazama kadi.

"Ndiye mimi, mama," alisema. "Nimedaka mipira elfu kumi na tatu, mia nne arobaini na mbili."

"Na tatu," Walt alisema kutoka meza ya pili, bila kuinua kichwa.